Ngome Kongwe ya Zanzibar: mwongozo kamili wa kuizuru asubuhi na kuirudia usiku

Wageni wengi wanaofika Mji Mkongwe huipitia Ngome Kongwe kwa dakika kumi. Wanaingia langoni, wanapiga picha mbili tatu za minara, wanauliza bei ya mkoba wa ukili, kisha wanatoka kuelekea bustani ya Forodhani. Wakirudi kwao husema wameiona Ngome, na hawasemi uongo, ila walichokiona ni kuta tu. Jengo hili bado linafanya kazi: mchana lina wachoraji, washonaji na wauzaji wa kazi za mikono, na usiku wa maonyesho lina wanamuziki, wachezaji wa ngoma na watu wa mji waliokuja kuwasikiliza. Kwa hiyo mwongozo huu wote umejengwa juu ya ushauri mmoja, nao ni kwamba Ngome izuriwe mara mbili ndani ya siku moja, asubuhi kwa ajili ya jengo na mafundi wake, na usiku kwa ajili ya jukwaa.

Kuchagua siku

Anza kwa kutazama kalenda, kwa sababu ukumbi mkubwa wa Ngome hauna paa. Jukwaa na ngazi za mawe za kukalia, zilizojengwa katika miaka ya 1990, ziko wazi juu, na mvua ya masika, inayonyesha zaidi kati ya Machi na Mei, huweza kuvunja shughuli iliyoandaliwa kwa wiki nzima. Miezi ya kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, ina ukavu na ubaridi mwepesi unaomfaa mtu wa kukaa nje saa tatu mfululizo. Kaskazi, kati ya Disemba na Februari, ni kipindi cha joto, lakini usiku upepo wa bahari huivuka barabara na kuingia hadi uani. Matamasha makubwa nayo yamekwepa masika: Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, hufanyika Februari, na Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, lililoanza mwaka 1998, kwa miaka mingi limekuwa likifanyika Juni au Julai.

Mwenye kupenda umati aje siku za tamasha, na atafute malazi mapema, kwa maana nyumba za wageni za Mji Mkongwe hujaa. Mgeni wa mara ya kwanza, hata hivyo, mimi humshauri aje siku ya kawaida, ambapo fundi ana nafasi ya kuzungumza naye na ngazi za minara hazina foleni. Siku ya Ijumaa mchana watu wako msikitini na maduka mengi hufungwa kwa muda, hivyo asubuhi yake itumike mapema. Mwezi wa Ramadhani una utulivu wake mzuri, ila burudani za jukwaani husimama na kula hadharani mchana ni jambo la kuepukwa. Sikukuu inapoingia mambo hugeuka: familia hutoka na watoto waliovalishwa nguo mpya, na mji wote huwa na hamu ya muziki.

Kufika na kutembea hadi langoni

Boti ziendazo kasi kutoka Dar es Salaam huchukua takriban saa mbili hadi bandari ya Malindi. Beba kitambulisho chako hata kama wewe ni Mtanzania wa Bara, na ikiwa si Mtanzania, kumbuka kwamba tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar hutakiwa kuwa na bima ya safari inayotolewa na shirika la bima la Zanzibar. Ni vyema kuimaliza shughuli hiyo kabla ya kupanda boti, ili usianze siku yako kwa kusimama dirishani.

Ukishatoka bandarini, usichukue teksi. Tembea kwa miguu ukifuata barabara ya Mizingani, bahari ikiwa mkono wako wa kulia, kwa kuwa matembezi haya ya robo saa hivi ni sehemu ya ziara yenyewe. Utalipita jengo la Zahanati ya Zamani lenye roshani za mbao zilizochongwa kwa ustadi mkubwa, lililoanza kujengwa katika miaka ya 1880 kwa fedha za mfanyabiashara Tharia Topan, likakarabatiwa katika miaka ya 1990 na kufanywa kituo cha utamaduni. Mbele kidogo, karibu na mtini mkubwa ambao kila mtu hapa huutumia kuelekezea njia, utaliona jengo la Forodha ya zamani, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa makao ya Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kilichoanza mwaka 2002. Wapigaji wengi wa udi na fidla utakaowaona majukwaani leo wamepitia mikononi mwa walimu wa chuo hicho. Baada yake linakuja Kasri la zamani la masultani, kisha Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, na hapo ukuta wa rangi ya kahawia wa Ngome utakuwa mbele ya macho yako, ukitazamana na Forodhani.

Njiani watakufuata mapapasi, vijana wanaojitolea kukuongoza bila kuulizwa. Wengi hawana nia mbaya, wanatafuta riziki, na jibu la upole lililonyooka, kama vile "Ahsante kaka, mimi ni mwenyeji wa njia hii," huwatosha. Mwaka mmoja nilimlipa mtu aliyejitambulisha kwangu kama msimamizi wa tiketi, kumbe hakuwa na uhusiano wowote na mahali hapa. Tangu siku hiyo sitoi fedha nje ya lango, na ninaomba stakabadhi kwa kila ninacholipa ndani.

Kuhusu mavazi, funika mabega na magoti, uwe mwanamume au mwanamke. Ngome si msikiti, lakini imezungukwa na misikiti na nyumba za watu, na utakuwa unapita katika njia zao.

Kulisoma jengo kabla ya kuingia

Simama kwanza upande wa Forodhani uutazame ukuta kwa utulivu. Hayo mawe yasiyo na umbo moja ni mawe ya matumbawe, yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, nayo chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayohayo juu ya rundo la magogo. Ukuta wa aina hii hunywa unyevu na kuutoa tena. Ukiuziba kwa saruji, unyevu hunaswa ndani na mawe huanza kubomoka taratibu, ndiyo maana mafundi wa ukarabati wa Mji Mkongwe husisitiza chokaa. Tafuta mahali ambapo lipu imebanduka, usogee karibu, na utaona jiwe lenye vitundu kama mkate wa kumimina, na pengine alama ya kiumbe wa baharini aliyeishi hapo kabla jiwe halijakuwa jiwe. Tazama, usikwangue, punje mbili tatu za chokaa kwa kila mgeni ni hasara kubwa kwa ukuta wenye umri wa zaidi ya miaka mia tatu.

Umri huo unahesabiwa tangu Waomani walipowaondoa Wareno. Fort Jesus ya Mombasa iliangukia mikononi mwa Waomani Disemba 1698, na muda mfupi baadaye ngome hii ilijengwa Unguja kuulinda mji dhidi ya Wareno wakirudi. Mahali palipochaguliwa palikuwa na kanisa la Wareno, lililojengwa kati ya mwisho wa karne ya 16 na mwanzo wa karne ya 17, na masalia yake yaliingizwa ndani ya ngome mpya. Habari hii inastahili kukaa nayo kidogo, kwa sababu wenyeji waliiita ngome hii Gereza, na wanaisimu hulirudisha neno hilo kwenye neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Kanisa likawa ngome, ngome ikawekwa wafungwa katika karne ya 19, na jina la nyumba ya ibada likaishia kuwa jina la nyumba ya kifungo katika Kiswahili cha kila mtu, kuanzia Lamu hadi Bujumbura. Kila ninapomsimulia mgeni jambo hili nikiwa nimesimama langoni, huligeukia jengo kwa macho mengine.

Kazi za jengo hazikuishia hapo. Reli ya kutoka mjini hadi Bububu ilipoanza kazi mwaka 1905, Ngome ilitumika kwa shughuli za karakana ya treni. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ua wake ukatengenezwa kuwa klabu ya wanawake, ambamo mabibi wa mji walicheza tenisi bila kutazamwa na wapita njia. Ukuta uliojengwa kuwazuia maadui ukawa stara. Kwa hiyo usishangae kuona jukwaa la muziki ndani ya ngome ya vita, kwani nyumba hii imezoea kubadilishiwa kazi, na pengine hilo ndilo lililoifanya ifike salama hadi leo.

Ndani, asubuhi

Ingia mapema, kabla jua halijawa kali. Lango lina kivuli na ubaridi, na mara nyingi utamkuta mtu amekaa hapo. Msalimie kabla ya kuuliza lolote. Kwa aliyekuzidi umri ni shikamoo, au assalaam alaykum ikiwa ndiyo salamu yako, na usiharakishe kupita juu ya majibu, kwa maana kwa Wazanzibari salamu iliyokatwa katikati ni sawa na kumkanyaga mtu mguu. Baada ya salamu, uliza mambo matatu: kama kuna ada siku hiyo, ni sehemu zipi zinazoruhusiwa kupandwa, na kuna shughuli gani usiku. Jibu la swali la tatu ndilo litakalopanga siku yako.

Minara na njia ya juu ya ukuta hupandwa pale tu unapoambiwa panapandika. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jirani wa ukuta kwa ukuta, iliporomoka na watu wakapoteza maisha. Kamba iliyofungwa mbele ya ngazi iheshimiwe hata kama hakuna mlinzi anayekutazama. Ukiruhusiwa kupanda, vaa viatu vilivyofunga mguu, kwa kuwa ngazi hazilingani na nyingine zimelainika kwa miguu ya watu wengi. Mzee anayepata shida ya magoti asijilazimishe. Uani kuna mengi ya kutosha, na uso wa bahari atauona Forodhani akiwa ameketi.

Sehemu kubwa ya asubuhi yako iwe kwa mafundi. Hapa wageni wengi hukosea, kwa sababu huuliza bei kabla ya kuuliza kazi. Kaa kwanza. Nilikaa asubuhi moja karibu na mwanamke mtu mzima aliyekuwa akishona kofia ya viua, na kwa muda niliokuwa nimeketi pale hakumaliza hata upana wa kidole changu. Kitambaa ni bafta nyeupe. Kwa ncha ya kitu chembamba anakitoboa kitundu, kisha anakizungushia uzi mshono kwa mshono mpaka kinakuwa jicho dogo lenye ukingo mgumu, halafu anahamia jirani yake. Viua hivyo ndivyo vinavyopanga maua na nyota kichwani, na ndivyo vinavyopitisha hewa. Kofia moja nzuri huchukua wiki nyingi. Nilipomuuliza, "Bibi, macho hayaumi?" alicheka akaniambia macho huzoea, mgongo ndio haukubali. Baada ya maneno hayo sikuweza kuomba nipunguziwe, na sidhani kama mtu yeyote aliyeitazama kazi ile angeweza.

Kwa michoro hali ni tofauti kidogo. Picha za Tingatinga, mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kung'aa za mafuta juu ya vipande vya hadibodi, sasa huuzwa kila kona, na nyingi ni nakala za nakala. Mwulize muuzaji, "Hii umeichora mwenyewe?" na umwombe akuonyeshe iliyo nusu. Mchoraji wa kweli ana kazi ambayo haijakauka, na mikono yake itakuambia. Kwa picha na vinyago kupatana bei ni kawaida na hakumkasirishi mtu, mradi ufanye kwa tabasamu na usianze kupatana juu ya kitu usichokusudia kukinunua. Beba fedha taslimu za noti ndogo, kwa kuwa chenji ya asubuhi ni tabu. Wenye simu hulipana kwa simu.

Usimpige mtu picha kabla hajakubali, hasa wanawake wanaopaka hina na piko. Akikataa, neno ni "samahani," na simu irudi mfukoni.

Saa za mchana

Baina ya saa sita na saa kumi jua ni kali na kuta zinatoa joto, nenda ukapumzike. Wenye nguvu wanaweza kuingia vichochoroni kuelekea Shangani au Darajani. Jioni, kabla ya kurudi Ngome, kula Forodhani, mbele ya lango lenyewe, ambapo meza hupangwa jua likianza kushuka. Bakuli la urojo, wenye bajia, kachori, viazi na chatne juu ya mchuzi mchachu wa manjano, pamoja na gilasi ya maji ya miwa yaliyokamuliwa kwa tangawizi na ndimu, hutosha kwa mtu anayekwenda kukaa muda mrefu. Kwa vya baharini uliza bei kabla kijiti hakijawekwa motoni, na uchague pale ambapo wenyeji wanakula.

Kurudi usiku

Hakiki saa. Matangazo ya maonyesho huandikwa mara kwa Kiswahili, mara kwa hesabu ya Kizungu, na "7:30" kwenye bango ina maana ya saa moja na nusu usiku, wala si saa saba na nusu. Uliza kwa mdomo ili usikose. Fika nusu saa kabla, ukiwa na kanga au mto mdogo, kwa kuwa ngazi za kukalia ni za mawe na saa moja juu ya jiwe ni ndefu. Kaa safu za katikati, kwani chini kabisa spika hulemea sauti za ala.

Ikiwa usiku ni wa ngoma, utaona mambo kutoka visiwa vyote viwili. Msewe wa Pemba hutambulika kwa njuga za majani zilizofungwa miguuni mwa wachezaji, ambazo ndizo zilizoipa ngoma jina. Kibati, nayo ya Pemba, ni majibizano ya maneno yanayokwenda kasi mno, kiasi kwamba hata msemaji wa Kiswahili wa Bara huhitaji kusikiliza kwa makini ili asipitwe.

Usiku wa taarab ndio ninaouombea kila mgeni. Ala zitaanza bila mwimbaji, kwa kipande kinachoitwa bashrafu, na wengi wasiojua hudhani ni mazoezi wakaendelea kuzungumza. Nyamaza hapo. Katika bashrafu utaisikia kila ala peke yake: fidla zikivuta pamoja, kodiani ikijibu, udi ukipita chini yao, ngoma ya dumbak na tari ya rika zikishika mwendo. Kisha mwimbaji husimama, mara nyingi bila kucheza, na maneno huanza kufanya kazi yao. Huu ni muziki wa mafumbo. Waridi linaweza kuwa mtu, jahazi linaweza kuwa ndoa, na aliyeimbiwa yumo ukumbini akijifanya hakusikia. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club kilichokifuata wameulea mtindo huu wa asili mjini hapa kwa vizazi, na Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, ndiye aliyeuingiza kwa nguvu katika Kiswahili na katika sahani za santuri.

Beti ikimgusa mtu, hunyanyuka, hutembea polepole mpaka mbele, huku ameinua noti, na humkabidhi mwimbaji mkononi. Huko ndiko kutuza. Mgeni anaruhusiwa kutuza, na inapendeza, ila asubiri aone wenyeji wanavyofanya, apande wakati ubeti unarudiwa, atoe kwa mkono wa kulia na ashuke bila kukaa mbele kupiga picha na mwimbaji. Kiasi si hoja. Hoja ni kwamba umeonyesha ni maneno gani yamekugusa, na ukumbi mzima umeona.

Watoto wachukuliwe, maana hapa watoto huketi na wakubwa wao, lakini wakae upande wa kutokea ili wakisinzia utoke bila kuwakatiza watu. Walimu wanaotaka kuleta wanafunzi wengi waandike barua mapema kwa wasimamizi, wakiomba kuonana na wanamuziki mchana. Kikundi kinachokuja bila taarifa hukuta vyombo vimefunikwa.

Onyesho likiisha, usikimbilie lango. Ngoja watu wapungue, kisha sogea mbele taratibu kwa salamu. Mpigaji wa kanuni huwa wa mwisho kuondoka, kwa kuwa ala yake ina nyuzi zaidi ya sabini na lazima aifunike vizuri kabla unyevu wa usiku haujaingia. Utamwona akizivua zile pete mbili za vidoleni anazopigia, akizitia katika kikopo kidogo ili zisipotee. Mwite Maalim, umpongeze, na ukitaka kuigusa kanuni, mwombe kwanza. Mara nyingi atakuvalisha pete moja na kukuonyesha uzi wa kuanzia.